Mabomba matano ya South Fork

Tuseme umepewa kazi ya kukagua bwawa la udongo la zamani. Unaanzia wapi? Wengi wetu tungekimbilia kwenye tuta: lina nyufa? Limeota miti? Sawa, hayo yanaangaliwa. Lakini kuna maswali mawili yanayokuja mapema zaidi. Maji yakizidi, yanapita wapi? Na ukitaka kuyapunguza ili ufanye matengenezo, unayatoaje?

Mwaka 1880 mtu aliyauliza maswali hayo kwenye bwawa la South Fork, Pennsylvania, Marekani. Majibu aliyoyapata hayakumpendeza, akayaandika kwenye barua. Miaka 9 baadaye bwawa lilipasuka na watu 2,209 wakafa.

Bwawa lenyewe lilijengwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya kulisha mfereji wa mashua. Kazi ilianza 1838, ikaisha 1853. Tuta lilikuwa na kimo cha mita 22 hivi na urefu wa mita 284. Na walijua wanachofanya: udongo ulishindiliwa tabaka kwa tabaka, pembeni kukachongwa utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, na chini kabisa yakapitishwa mabomba 5 ya chuma ya kushushia maji.

Reli ilipofika, mfereji ukafa, na bwawa likabaki yatima. Mwaka 1862 sehemu ya tuta iliporomoka. Bahati nzuri ziwa lilikuwa na maji machache. Baadaye mmiliki mmoja akang'oa yale mabomba na kuyauza kama chuma chakavu. Mwaka 1879 Benjamin Ruff akalinunua eneo kwa ajili ya klabu ya matajiri wa Pittsburgh waliotaka pa kuvulia samaki (Andrew Carnegie naye alikuwa mwanachama). Pengo likazibwa, mabomba hayakurudishwa. Juu ya tuta pakakatwa karibu mita moja ili magari ya farasi yapite vizuri. Kwenye utoro ukawekwa wavu, samaki wasitoroke.

Hapa kwenye kukata tuta tusimame kidogo, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Mita moja kati ya 22 ni nini? Kumbe kinachohesabika si kimo cha tuta, ni tofauti kati ya juu ya tuta na sakafu ya utoro. Na maji hayapungui sawasawa na kina: ukipunguza kina cha maji kwenye utoro kwa nusu, kinachopita kinabaki kama theluthi tu na kidogo. Ongeza wavu unaonasa matawi, halafu tuta lililobonyea katikati, pale pale ambapo hutaki maji yaanzie kumwagika.

Sasa ile barua. Kilomita 23 chini ya bwawa kulikuwa na Johnstown, mji wa viwanda vya chuma. Daniel Morrell, mkuu wa Cambria Iron, alimtuma John Fulton akakague. Fulton alitaja hatari mbili: hakuna bomba la kutolea maji, kwa hiyo hata matengenezo ya maana hayawezekani, na pale palipozibwa panavuja, na mvujo unakula udongo mpya. Ukikagua bwawa la udongo, maji yanayovuja yakiwa meupe unayapima na kuyafuatilia. Yakitoka na tope, ujue tuta linaondoka nayo.

Ruff alijibu kwamba watu wa Johnstown hawako hatarini. Morrell akajitolea hata kuchangia gharama za ukarabati. Wapi! Wanaokumbuka Solai, Nakuru, Mei 2018, wanalijua hili la bwawa la mtu binafsi juu ya nyumba za watu.

Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa ya usiku, vibarua walikuwa juu ya tuta wakijaribu kuliinua na kuchimba utoro mwingine. Wavu ulikuwa umeziba. Mhandisi kijana, John Parke, alipanda farasi kwenda kutoa tahadhari. Saa 9 alasiri na dakika chache, tuta likaachia. Ilichukua chini kidogo ya saa moja maji kufika Johnstown.

Kilichoua bwawa, basi, ni maji kupita juu yake, si ule mvujo. Ila bila mabomba hakukuwa na namna ya kuyashusha mapema.

Kamati ya wahandisi wa Marekani ilitoa ripoti 1891 ikisema maji yangepita juu ya tuta hata kama klabu isingegusa kitu. Mimi ripoti hiyo hainishawishi. Mwaka 2016 watafiti walipiga hesabu upya na kuipinga: mabadiliko ya klabu yalikuwa yamepunguza sana uwezo wa bwawa kupitisha maji salama. Klabu haikuwahi kutiwa hatiani na mahakama yoyote. Vipande viwili vya tuta bado vipo, kila kimoja upande wake wa bonde, na reli inapita katikati.