Utambuzi wa viwanja vya zamani vya ndege za kijeshi kwa picha

Ni kazi ya kulinganisha picha za zamani na ramani ili kujua kiwanja kinachoonekana ni kipi. Nchini Uingereza ugumu wake unatokana na kwamba viwanja vingi vya Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilifuata mchoro mmoja. Kuanzia 1942, kiwanja cha Daraja A kilikuwa na njia tatu za kurukia zinazokatana mithili ya herufi A: kuu ya mita 1,830 hivi, nyingine mbili za mita 1,280 hivi. Umbo peke yake, basi, halitoshi. Hutazamwa mwelekeo wa njia, mahangari, na majirani wasiohama: kanisa, reli, kona ya msitu. Maegesho ya ndege husaidia kukadiria wakati: ya duara kwa kawaida ni ya mwanzo. Ya umbo la kitanzi yalifuata. Bahati kubwa ni kuziona herufi mbili za utambulisho karibu na mnara wa kuongozea ndege. Za kiwanja cha Duxford zilikuwa DX. Alama za ndege zenyewe hupotosha, kwani vikosi vilihamahama. Viwanja vingi vimerudi kuwa mashamba, ingawa mabaki ya zege bado huonekana katika picha za setilaiti.