Msitu wa Jozani: Umebaki au Umebakishwa?

Aghalabu kila aliyesoma skuli hii amepata kupita Jozani. Gari za Paje, Jambiani na Makunduchi zinapokaribia Kitogani, miti husogea karibu na barabara, jua hupungua na upepo hugeuka baridi. Abiria husema "tumeshafika Jozani", kisha mazungumzo huendelea na gari hupita. Wengi wetu tumepita hivyo kwa miaka mingi bila kushuka hata mara moja, na hali wageni hutoka Ulaya na Marekani wakalipa nauli kubwa ili waje kutembea humo.

Makusudio ya makala hii si kuusifu msitu kwa uzuri wake, kwani sifa hizo zimeshaandikwa vya kutosha katika vitabu vya watalii. Nataka wahitimu wenzangu na vijana walioko madarasani hivi sasa tulitazame swali moja la historia. Kisiwa cha Unguja ni kidogo, watu wake ni wengi, na kila nyumba imepikia kuni au makaa kwa karne nyingi. Imekuwaje basi msitu huu ukawepo mpaka leo?

Jibu la haraka ni kwamba Jozani ni msitu wa asili uliobaki wenyewe. Jibu hilo lina upungufu. Jozani umebakishwa, na kila ulipobakishwa palikuwa na mtu aliyelipa gharama.

Msitu unaokunywa chini ya ardhi

Tuanze na ardhi yenyewe. Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni maweni: jiwe la matumbawe la zamani, lenye udongo mchache, ambalo mkulima hulima kwa kutafuta mifuko ya udongo baina ya mawe. Jozani imekaa katika bonde baina ya ardhi hiyo ya mawe, na maji yake ya chini yako karibu sana na uso wa nchi. Miti yake haitegemei mvua peke yake, bali hunywa maji hayo ya chini. Wakati wa masika maji hupanda juu na sehemu za msitu hufurika kabisa. Ndiyo maana humo mna miti mirefu, michikichi na mikindu, ilhali umbali mdogo tu kutoka hapo ardhi ni kichaka kikavu.

Upande wa kaskazini msitu unaungana na Ghuba ya Chwaka na mikoko yake. Mikoko hiyo ni mazalio ya samaki na kaa, na pia ni kinga ya pwani. Kwa hiyo anayesema Jozani hasemi miti mikubwa tu, bali nchi nzima yenye msitu wa maji, maweni, mikoko na bahari.

Unguja ilikuwa imeungana na bara. Bahari ilipopanda baada ya zama za barafu, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, wanyama waliokuwa huku walitengwa na wenzao. Miongoni mwao ni yule ambaye watu wa shamba walimwita kima punju, yaani kima wa sumu. Mgongo wake ni mwekundu, uso wake mweusi umezungukwa na nywele nyeupe, na mikono yake haina kidole gumba cha maana. Mwaka 1868 mtaalamu wa Kiingereza, John Edward Gray, alimwandika katika vitabu vya sayansi na akampa jina la John Kirk, daktari na mwanadiplomasia wa Kiingereza aliyekuwa Unguja wakati huo. Asili ya mnyama huyu ni Unguja tu. Wachache walipelekwa Msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970, lakini huko hawakuongezeka sana.

Yuko pia paa nunga, ambaye hapatikani duniani isipokuwa Unguja na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Na alikuwepo chui. Habari yake nitaieleza peke yake, kwani inastahili.

Kutoka kiwanda cha mbao hadi hifadhi

Katika miaka ya 1930 na 1940 Jozani haikuwa hifadhi. Ilikuwa mali ya mtu binafsi, na palikuwa na kiwanda cha kupasulia mbao. Miti mikubwa ilikatwa ikauzwa. Mwaka 1948 Serikali ya wakati huo iliununua msitu na kuuweka chini ya idara ya misitu.

Tusidhani kwamba ulinunuliwa kwa ajili ya kima. Ulinunuliwa kwa ajili ya mbao. Idara ilipanda miti mahali palipokatwa, hasa mitondoo, na mingi ya mitondoo hiyo ndiyo inayompa mgeni wa leo ile hisia ya kuingia katika msitu mkongwe usioguswa. Umeguswa sana. Sehemu ya uzuri wake ni kazi ya vibarua waliotia miche ardhini, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Hili ni jambo la kutia moyo, nami nalitaja kwa ajili ya vijana. Ardhi iliyokatwa miti yake yaweza kurudi kuwa msitu, iwapo maji yake hayakuharibiwa na iwapo watu watapanda na kungoja.

Chui wa Unguja

Sasa tufike kwenye hasara. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na madoa yake yalikuwa madogo yaliyosongamana. Mwaka 1932 mwanasayansi Pocock alimwandika kuwa ni namna ya peke yake. Lakini katika vijiji vya kusini na mashariki chui hakuwa mnyama tu. Watu wengi waliamini kwamba wako wachawi wanaofuga chui na kuwatuma kwa majirani. Mbuzi akiliwa, au mtoto akishambuliwa, swali la kwanza lilikuwa: ni chui wa nani?

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanyika kampeni kubwa dhidi ya uchawi na dhidi ya chui kwa pamoja, ikiongozwa na mganga maarufu aliyejulikana kwa jina la Kitanzi. Chui wengi waliuawa. Baada ya hapo kazi iliendelezwa na wasasi, na habari za chui kuuawa ziliendelea kutolewa hadi miaka ya 1980. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wataalamu waliotafuta njia ya kumwokoa walikata tamaa. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba kamera iliyotegwa msituni imempiga picha chui, lakini hilo halikuthibitishwa.

Ni rahisi kwa sisi tuliosoma kuwacheka wazee kwa imani zao. Mimi siwacheki. Mkulima wa maweni mwenye mbuzi watatu, akiamka na kukuta wawili wameliwa, amepoteza akiba ya nyumba yake. Hakuna aliyemlipa fidia. Hakuna ofisa aliyekwenda kukaa naye barazani ili kusikia habari zake. Alipokuja mtu akamwambia kwamba msiba wake unajulikana na adui wake atashughulikiwa, alimfuata. Laiti mtu mwingine angelitangulia kumsikiliza, huenda leo tungekuwa na chui.

Kima, minazi na barabara

Yaliyompata chui yalikaribia kumpata kima punju. Nje ya msitu, upande wa kusini, kuna mashamba, na kima waliingia humo wakala majani ya miembe na nazi changa. Wakulima walisema wanafilisiwa. Wataalamu walipima jambo hili minazini kwa muda, na utafiti wao, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba minazi iliyoliwa zaidi na kima haikutoa mavuno madogo kuliko mingine. Mnazi huangusha wenyewe nazi changa nyingi, na kima akila baadhi huwa kama anayepunguza mzigo.

Wataalamu hao pia waliona jambo jingine la ajabu: kima hawa hula makaa. Huyaokota penye matanuri ya zamani na mashina yaliyoungua. Majani ya mwembe na mkungu yana chakula kingi, lakini pia yana vitu vinavyodhuru tumbo, na makaa huvivuta. Binadamu huchoma makaa apate moto, naye kima hula mabaki yake apate dawa.

Lakini kumwambia mkulima kwamba takwimu zinamkanusha si dawa. Kilichosaidia ni mgawo. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, chini ya mradi wa hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka uliofanywa na Serikali pamoja na shirika la CARE, sehemu ya fedha za viingilio vya watalii ilianza kuwafikia wakulima ambao mashamba yao yanalisha kima, na vijiji vinavyouzunguka msitu. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 ilizipa jamii nafasi ya kisheria katika kusimamia misitu yao, na wanavijiji waliunda umoja wao wa uhifadhi. Mwaka 2004 Jozani na Ghuba ya Chwaka vikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza Zanzibar, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 50. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya hifadhi za bayongahewa.

Barabara nayo ilikuwa na habari yake. Ilipotengenezwa upya katika miaka ya 1990, magari yalikimbia na kima wakafa. Ilikadiriwa kwamba mmoja aligongwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Yakawekwa matuta. Hesabu iliyofanywa baina ya 2016 na 2019 ilionyesha kwamba vifo vimepungua hadi kima mmoja kila wiki sita. Matuta yale ambayo sisi abiria huyalalamikia yameokoa maisha mengi.

Matokeo ya yote haya yalionekana katika hesabu kubwa iliyochapishwa miaka michache iliyopita: kima punju wapatao 5,800, zaidi ya mara tatu ya ilivyodhaniwa kabla. Bado yuko hatarini, kwani dunia yake yote ni kisiwa kimoja. Hata hivyo yupo, na chui hayupo. Wanyama hawa wawili waliishi kisiwa kimoja, baina ya watu wale wale. Chui alikutana na kampeni. Kima alikutana na mazungumzo na mgawo.

Funzo kwetu

Wengi tuliotoka skuli hii tumeingia katika utumishi wa Serikali. Tumezoea kuamini kwamba jambo likishaandikwa katika gazeti rasmi limekwisha. Jozani inatufundisha kwamba tangazo ni mwanzo tu. Mipaka ya hifadhi inalindwa na mama wa Charawe au Ukongoroni anayeamua asubuhi hii akate kuni wapi, na na kijana wa Pete anayeamua kama kutembeza wageni kunamlipa kuliko kuchoma makaa. Kuni hazijaacha kuhitajika, na mahoteli ya pwani yanazidi kutaka mbao na boriti. Mgawo ukichelewa, au ukiishia mikononi mwa wachache, msitu utaanza kukatwa usiku, wala walinzi hawatatosha.

Kwa hiyo napendekeza kwamba mkutano wetu ujao wa wahitimu uwe na siku moja ya Jozani, na vijana wa skuli waende pamoja nasi. Tufike asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, wakati kima wanapokula. Tuvae viatu vya kufunika mguu, na ikiwa ni masika tujue kwamba njia zina maji. Tumfuate mtembezaji, kwani mengi yaliyomo humo hayaonekani kwa macho yasiyofundishwa. Paa nunga aghalabu haonekani kabisa. Husikika tu akikimbia majanini. Tusiwaguse kima wala kuwapa chakula, hata wakitukaribia kiasi gani. Tumbo lao limeumbwa kwa majani na matunda mabichi, na ndizi mbivu ya mgeni huwadhuru. Na maradhi yetu huwaambukiza.

Kisha tuvuke barabara, tupite kwenye daraja la mbao katika mikoko, tukatazame jinsi miche inavyoota katika tope. Na kabla ya kurudi Mjini, tukae kidogo na wazee wa Pete. Tuwaulize walipoteza nini hifadhi ilipokuja, na wamepata nini tangu hapo. Kijana atakayesikiliza majibu yao kwa makini atakuwa amejifunza historia ambayo mtihani hautamuuliza, lakini kazi yake ya baadaye itamuuliza.