Kisiwa kilipozimika: somo la jenereta kutoka Unguja

Mei 2008 umeme ulikatika Unguja, ukarudi Juni. Disemba 2009 ukakatika tena, na safari hii watu walikaa gizani kama miezi mitatu, hadi Machi 2010. Huu haukuwa mgao wa saa chache, ni kisiwa kizima.

Ilikuwaje? Unguja ilipata umeme wake kutoka Bara kwa kebo moja tu ya baharini, iliyoanza kazi mwaka 1980. Njia ikiwa moja, ikiharibika basi. Na umeme si taa peke yake: pampu zikisimama, bomba nalo hukauka. Wenye uwezo wakageukia majenereta.

Sasa jiweke pale. Una jenereta dogo la wati 2,000. Taa nne za wati 10 na feni ya wati 75 hazisumbui. Friji hutumia kama wati 150, lakini mota yake ikianza kuzunguka huvuta mara kadhaa ya hapo. Pampu ni vivyo hivyo, kwa hiyo usiviwashe pamoja. Pasi na jiko la umeme sahau kabisa.

Swali gumu ni hili: umeme huo utauingizaje ndani? Wapo wanaochomeka waya wenye plagi mbili kwenye soketi ya ukutani. Nyumba inawaka, kweli. Ila umeme hauishii kwako. Unapita kwenye mita, unatoka hadi nguzoni. Transfoma haijui mbele wala nyuma. Ile inayoshusha volti 11,000 hadi 230, ukiilisha kinyume inapandisha 230 kuwa 11,000. Mtaa mzima ukiwa bado umeungwa, jenereta litaelemewa lizime. Lakini laini ikiwa imetenganishwa ili itengenezwe, mzigo ni mdogo, na fundi aliyeshika waya akidhani umekufa ndiye anayekufa.

Dawa yake ni chenji-ova: swichi inayokata waya wa moto na nyutro za shirika kabla ya kuunga za jenereta. Haiwezi kushika pande zote mbili kwa pamoja. Mwite fundi umeme, akutengee saketi za lazima tu. Na jenereta likae nje, mbali na madirisha, maana moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua waliolala.

Kebo mpya ya megawati 100 ilizinduliwa mwaka 2013. Majenereta bado yapo majumbani, Unguja na kwingineko. La kwako limeungwaje?