Tingatinga Hakungoja Afike

Kama ulizaliwa miaka ya 2000 kama mimi, kuna uwezekano mkubwa unaijua ile katuni ya Tinga Tinga Tales. Tembo, tumbili, kiboko, wote wamepakwa rangi kali na madoadoa mwili mzima. Sisi tuliiangalia kwa diski ya kuazima kwa jirani, tukairudia mpaka ikakwaruzika. Ilianza kuonyeshwa 2010, ikatoka vipindi zaidi ya 50, ikafika BBC na Disney. Na wasee wengi hawajui kwamba ilitengenezwa hapa hapa Nairobi, kwa studio ya Homeboyz.

Miaka hiyo yote mimi nilidhani tingatinga ni trekta tu. Juzi juzi ndio nimejua kwamba hilo pia ni jina la mtu. Na stori ya huyo mtu imenikalia kichwani vibaya, kwa sababu imenigusa mahali sikutaka kuguswa. Wacha niwape.

Edward Said Tingatinga alizaliwa 1932 kusini mwa Tanzania, upande wa Tunduru. Shule alisoma miaka michache tu ya msingi. Akatoka kwao kutafuta kazi, vile watu wetu hutoka ushago wakaja Nairobi. Alipitia mashamba ya mkonge huko Tanga, halafu akaingia Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na za bustani kwa Mzungu. Baadaye alipata kibarua hospitali ya Muhimbili. Chuo cha sanaa hakukanyaga hata siku moja.

Alianza kuchora karibu 1968, akiwa na miaka 36 hivi. Na angalia vifaa vyake. Pesa ya vile vitambaa vya wasanii hakuwa nayo, kwa hivyo alichukua bodi za dari, zile fundi anatumia akijenga nyumba, akazikata vipande vya mraba, kama futi 2 kwa 2. Piga hesabu: bodi ya kawaida ya futi 4 kwa 8 inakupa picha 8 na hakuna kitu unatupa. Rangi aliyotumia ni ile ya kung'aa ya kupaka baiskeli. Huyo ni mtu aliyejua bei ya kila kitu. Na alifanya kazi nje, chini ya mti, hapo Morogoro Stores mtaa wa Oyster Bay, ambapo wageni waliokuwa wakiishi Dar walikuja kununua vitu vyao. Huku kwetu tungesema jamaa ni wa jua kali, na tungekuwa sawa kabisa. Ukipita unaenda dukani, unamwona chui akichorwa na rangi bado mbichi.

Sasa hapa ndio nataka tusimame kidogo.

Picha zilipoanza kununuliwa, angeweza kuficha ujuzi wake. Ni nani angemlaumu? Soko ni dogo, wanunuzi ni wale wale, na kila mtu unayemfundisha kesho atakuwa mshindani wako. Lakini yeye aliita jamaa zake na watu wa kwao waliokuja Dar kutafuta riziki kama yeye. Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Ajaba Abdallah, Omari Amonde. Hakukuwa na darasa wala cheti. Unakaa kando ya mwenye kazi, unamsaidia, unaangalia mkono wake unavyokwenda. Rangi ya nyuma inapakwa kwanza, inaachwa ikauke, halafu mnyama, halafu madoa yake. Siku ikifika unashika bodi yako mwenyewe.

Kumbuka wakati huo yeye mwenyewe alikuwa bado mgeni kwa hii kazi. Hakuwa amejenga, hakuwa tajiri, hakuwa jina kubwa.

1972 polisi wa Dar walimpiga risasi wakimdhania mwizi anayetoroka. Akafa. Alikuwa na miaka 40. Hiyo sehemu ya stori, kijana wa Nairobi hahitaji kuelezewa mara mbili.

Kwa hivyo jamaa alichora miaka 4 tu. Miaka 4 ndio digrii nyingi za huku zinachukua, na mimi nilitoka wa pili kwa sababu ya karo.

Sasa jiulize, kama angesema "ngoja kwanza nifike, halafu nitafundisha", leo tungekuwa na nini? Labda bodi chache kwa kuta za Wazungu waliorudi kwao, na mambo yakaishia hapo. Lakini wale aliowafundisha walijikusanya baada ya mazishi, wakaendelea kuchora kwa jina lake. Nao wakafundisha wengine. 1990 kikundi kikawa chama cha ushirika, na mpaka leo Oyster Bay wako, wanachora na kuuza. Mpata alikuja Nairobi na brashi zake, na kuna hoteli Maasai Mara inaitwa jina lake. Ukisema "tingatinga" leo kwa mtu wa sanaa, huyo anafikiria aina nzima ya uchoraji. Halafu miaka 38 baada ya kile kifo, vijana wa Nairobi wakakaa kwa kompyuta wakafanya wale wanyama watembee na kuongea.

Najua kuna mtu atasema hiyo ni sanaa ya watalii, kila picha inafanana na nyingine, wanakopiana tu. Kuna ukweli hapo. Tembezwa soko lolote la vinyago pwani utaona twiga yule yule mara 20. Kuna hata picha feki zimewekwa sahihi ya marehemu ndio ziuzwe ghali. Ukifundisha kila mtu, wengine watakopi, na wengine watakuibia. Hiyo ndio bei. Lakini kukopi ndio mlango ambao karibu kila mtu hupitia kuingia kazini. Seremala alikopi, msusi alikopi, mimi video yangu ya kwanza nilikopi mpaka salamu. Swali ni kama kuna mtu alikuachia nafasi ukae kando yake.

Na hapo ndipo inaponiuma. Kwa ploti yetu kuna kijana wa miaka 14 ambaye ameniomba nimfundishe kuediti video. Ameniomba mara tatu. Kila mara nimemwambia "ngoja kidogo bro, wacha nifike kwanza". Nifike wapi? Sijui. Mathe hunicheka, anasema hata mwenyewe siwezi kuonyesha hapo mahali kwa ramani. Ukweli ni kwamba naogopa. Naogopa atakuwa mkali kuniliko, na naona aibu kufundisha na sina cheti.

Sisemi mtu aache chuo, tafadhali msiniweke maneno mdomoni. Kama karo iko, soma. Ninachosema ni kwamba ujuzi wako haungoji kibali cha mtu ndio uugawe.

Jumamosi iliyopita stima ilipotea, ndani giza, nikamwita tukae nje kwa ngazi. Simu moja, asilimia 40. Nilimwonyesha kukata sauti na kupanga picha. Dadake akakuja kuangalia, halafu watoto wawili ambao hata sikuwaita. Nilifundisha vibaya, nilirukaruka, simu ikazima kabla sijamaliza. Wamesema wiki hii watarudi.

Na wewe je? Ni kitu gani unakijua, lakini unangoja ufike ndio umfundishe mtu?