Kumbukumbu Zilizopandwa: Ziara ya Tukuyu na Rungwe

Msafiri atokaye Mbeya kuelekea kusini, akiisha kuupita mlima Rungwe wenye kimo cha karibu mita 2,960, huingia Tukuyu, makao makuu ya wilaya, akitaraji kuona mnara au sanamu. Naye asipopata mwenyeji wa kumwongoza, yamkini ataondoka akidhani kwamba mji huu hauna tarikhi.

Lililo dhahiri machoni ni boma. Wajerumani, walipouhamisha utawala wao kutoka Langenburg, kandoni mwa Ziwa Nyasa, mwanzoni mwa karne ya 20, waliujenga mji huu juu ya kilima na kuuita Neu-Langenburg, wakadumu humo hata Mei 1916, askari wa Waingereza chini ya Jenerali Northey walipovuka mpaka na kuutwaa. Kuta za boma hilo ni nene, za watu waliojenga kwa hofu.

Upande wa mlimani iko Rungwe, ambako Wamoraviani, miongoni mwao Theodor Meyer, waliweka kituo chao mwaka 1891; na karibu na mji iko Kyimbila, alikokaa mmisionari Adolf Stolz, aliyekusanya mimea ya nchi hii kwa bidii hata baadhi ya mimea hiyo ikapewa jina lake katika vitabu vya elimu. Mbele kidogo, juu ya mto Kiwira, limelala Daraja la Mungu, jiwe la volkano ambalo hakuna fundi awezaye kudai ujira wake.

Walakini kumbukumbu zenye hadhi kuu kwa Wanyakyusa, wenyeji wa nchi hii, ni miti. Ilipowadia ubusoka, sherehe ya kuwatoa vijana na kuwakabidhi nchi, malafyale, yaani mtemi, aliyekwisha kuzeeka aliwaachia wanawe mamlaka, wakuu wapya wa vijiji wakasimikwa, na miti ikapandwa kuwa shahidi wa ahadi hiyo. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa baina ya 1934 na 1938, waliyaandika mambo haya kwa taadhima. Malafyale alipofariki, kaburi lake lilikuwa mahali pa tambiko, na msitu uliolizunguka ukaheshimiwa. Na Lubaga, msitu wa Lwembe, mfalme wa tambiko, ulikuwa mkuu kuliko yote, ambako watu walipeleka dua zao za mvua na rutuba.

Ndani ya msitu wa namna hiyo mwanga hupungua ghafula, majani yaliyooza hulainisha hatua, na matone huendelea kudondoka muda mrefu baada ya mvua kukatika. Nje, hatua chache tu, migomba na chai vimeshika kila shubiri ya ardhi. Hapo ndipo mtu hutambua thamani ya ardhi iliyoachwa bila kulimwa kwa ajili ya heshima peke yake.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Rungwe: wapelekeni watoto bomani asubuhi, wajue nani alitushinda, na alasiri wapelekeni msituni pamoja na mzee, awatajie nani alipanda.