Jedwali kabla ya Kompyuta: Elimu ya Hesabu Mjini Kindu

Historia ya lahajedwali katika shule za sekondari za Kindu haianzii kwenye VisiCalc ya mwaka 1979. Reli iliyouunganisha mji huo na Kongolo tangu mwanzoni mwa karne ya 20 ilihitaji makarani wa kujaza safu za mizigo na nauli. Sheria ya uhasibu ya mwaka 1976, na kujiunga kwa nchi na OHADA mwaka 2012, vilibadili akaunti, si safu zenyewe. Basi mwanafunzi wa biashara asiye na umeme aweza kuchora laha daftarini. Kinachomkosa ni jumla kujirekebisha namba moja ibadilikapo. Na hicho hasa ndicho Dan Bricklin alichokitamani mwaka 1978, akimtazama mwalimu wa Harvard akifuta na kuandika upya ubaoni.