Ng'ambo ya Mto Sio: Habari za Kusoma Ugenini Mpakani mwa Busia na Tororo

Neno "ng'ambo" lina maana mbili katika lugha yetu. Maana ya kwanza ni upande wa pili wa mto au wa bahari; ya pili ni nchi za mbali, hasa za Wazungu. Mtu akisema kwamba mwanawe amekwenda kusoma ng'ambo, aghalabu msikilizaji humwona kijana aliyevaa koti zito akishuka katika stesheni ya Paris, akapokewa na familia ya Kifaransa iliyokubali kumpa chumba na chakula kwa malipo ya kila mwezi, na kumsahihisha kila anapokosea maneno mezani. Katika nchi ya Busia na Tororo maana hizo mbili hukutana. Huko watu wengi walisoma ng'ambo bila ya kupanda meli wala ndege. Ng'ambo yao ilikuwa ng'ambo ya mto Sio, na familia iliyowapokea ilikuwa ya mjomba.

Hapana budi kwanza tukumbuke jinsi ugeni huo ulivyozaliwa. Mwishoni mwa karne ya 19 nchi yote hiyo ilihesabiwa kuwa Uganda, na Uganda yenyewe ilifika hadi Naivasha. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda, wakalitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Amri ya mwaka wa 1926 ikauthibitisha mpaka: kutoka ziwani kwa njia ya mto Sio, kisha mto Malaba, hadi mlima Elgon. Wasamia wakawa pande mbili, na Wateso vivyo hivyo. Mzee aliyezaliwa Uganda akajikuta yuko Kenya, naye hajahamisha hata jiwe moja la jiko lake.

Makanisa hayakuifuata serikali upesi. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa mwaka wa 1906 na mmisionari J. J. Willis, ilikuwa chini ya askofu wa Uganda, na Wakatoliki wa upande wa Kenya walikuwa katika jimbo la Upper Nile la mapadri wa Mill Hill hadi mwaka wa 1925. Kwa hiyo njia ya elimu ilielekea magharibi. Maurice Otunga, aliyekuja kuwa Kardinali mwaka wa 1973, alisoma katika seminari kuu ya Gaba, karibu na Kampala, kabla ya kupelekwa Roma. Makerere nayo, iliyoanza mwaka wa 1922 kama shule ya ufundi, iliwavuta vijana wa Kenya kwa miaka mingi: Oginga Odinga katika miaka ya 1930, Mwai Kibaki mwaka wa 1951, Ngugi wa Thiong'o mwaka wa 1959. Waliosafiri kwa gari moshi baada ya reli kufika Kampala mwaka wa 1931 walipitia Tororo, chini ya ule mwamba mkubwa unaoonekana toka mbali.

Hao ni wakubwa, na habari zao zimekwisha andikwa. Walio wengi hawakufika Makerere. Walivuka mto tu, wakaingia shule ya msingi au ya sekondari, na jioni wakarudi kwa mjomba. Mambo yalikuwa mepesi wakati huo. Shilingi ilikuwa moja hadi mwaka wa 1966, basi karo ililipwa kwa fedha ile ile iliyopatikana kwa kuuza pamba upande wowote. Mtihani wa sekondari ulikuwa wa Cambridge, kisha wa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka wa 1967. Cheti cha Tororo kilisomeka Kisumu bila ya mtu kuuliza.

Mfano mmoja unajulikana sana. Kasisi Jeremiah Awori, wa kanisa la Kianglikana katika nchi ya Wasamia, alikuwa na watoto wengi. Mmoja wao, Moody, alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya tangu 2003 hadi mwanzoni mwa 2008. Mwingine, Aggrey, alisoma Budo katika Uganda, kisha Harvard katika Marekani. Aliiwakilisha Uganda katika riadha kwenye michezo ya Olimpiki ya Roma na ya Tokyo, akagombea urais wa Uganda mwaka wa 2001, akawa waziri huko mwaka wa 2009. Wageni hulistaajabia jambo hili. Wenyeji wa Busia hawaoni ajabu yoyote. Wataulizana tu kila mmoja alisomea wapi.

Sasa tuitazame nyumba ya mjomba. Mkataba wa familia ya Kifaransa huandikwa, na siku za kukaa huhesabiwa. Mkataba wa ujombani hauandikwi, bali masharti unayo. Mpwa ana haki ya chakula na mahali pa kulala, na hawezi kufukuzwa pasipo aibu. Naye huchota maji, huchunga ng'ombe Jumamosi, hupalilia mtama kabla ya kengele ya shule. Wazazi wake hawatoi malipo ya mwezi, lakini wakati wa mavuno huja gunia, na siku ya msiba huja ng'ombe. Deni hilo halilipwi likaisha, maana likiisha undugu nao umekwisha.

Hata hivyo tusiusifu mno mpango huu. Kuna wasichana waliovushwa mto kwa ahadi ya shule, wakakutwa mwaka wa pili wangali wanabeba mtoto wa mwenye nyumba mgongoni, na daftari halijanunuliwa. Ni vigumu kumshtaki mjomba. Mtoto aliyeonewa na mgeni husikilizwa. Aliyeonewa na ndugu huambiwa avumilie.

Tena lipo jambo la jina, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililowagharimu watu kuliko yote. Shule zilipoanza kuuliza uraia, mjomba alimwandikisha mpwa kama mwanawe. Lilikuwa tendo la upendo, na tena kwa mila halikuwa uongo mkubwa. Lakini cheti hutolewa kwa jina lililo katika daftari la shule. Kijana akarudi kwao na cheti kizuri chenye ukoo usio wa baba yake, akaenda kuomba kitambulisho, na karani akamwambia kwamba karatasi zake zinaonyesha ni mtu wa Uganda. Kiapo cha mahakama kinahitajika, barua ya chifu inahitajika, na baba aliye hai hana budi kuthibitisha kwamba ndiye baba. Wapo waliopita njia hiyo wakafaulu, na wapo walioamua kulibeba jina la mjomba mpaka kaburini.

Ugeni ulizidi katika miaka ya 1970. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, kwa hoja ile ile ya mwaka wa 1902. Mwanzoni mwa mwaka huo huo Esther Chesire, mwanafunzi Mkenya wa Makerere, alitoweka katika uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa njiani kurudi nyumbani. Theresa Nanziri, aliyekuwa mlezi wa bweni lake na aliyetazamiwa kutoa ushahidi, aliuawa mwezi wa Juni. Mzazi wa Busia aliyesikia habari hizo hakuhitaji kuelezwa siasa. Njia ikageuka: walimu na wanafunzi wa Uganda wakaanza kuja mashariki, na wengi wa walimu hao walifundisha katika shule za sekondari za Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka wa 1977. Desemba 1987 majeshi ya nchi mbili yalipigana Busia kwa siku chache na mpaka ukafungwa. Waliokuwa ujombani walibaki huko, au wakarudi kwa njia za panya, zilizokwisha kufunguliwa na wafanya magendo.

Kufikia hapo mitihani nayo ilikwisha kutengana. Kenya ilipoanza mfumo wa 8-4-4 mwaka wa 1985, ilifuta kidato cha tano na cha sita, bali Uganda ilivibakiza. Basi katika miaka iliyofuata wazazi waliokosa nafasi za vyuo vikuu vya Kenya wakawapeleka watoto wao Uganda wakasome vidato hivyo.

Mwaka ule ule wa 1985 Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la mtihani katika shule za Kenya. Hapa ndipo sisi walimu wa lugha tunapohusika. Uganda ilikuwa imekiondoa Kiswahili katika shule zake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka wa 1973, lakini wengi walikiogopa kwa sababu ndiyo lugha waliyosikia kwa askari kizuizini. Mtoto aliyevuka kutoka Tororo akaingia darasa la sita Busia alijua kununua, kuuza na kutukana kwa Kiswahili. Asichojua ni ngeli. Kiingereza chake kilikuwa kizuri, na hesabu aliziweza, kisha insha ikamwangusha. Walimu wa mpakani wanamfahamu mtoto huyo. Wengi wetu tulimwita mzembe, tusimwulize alitoka shule gani, wala nani anayemlea.

Mkataba mpya wa Jumuiya ulitiwa saini mwaka wa 1999, na kituo kimoja cha mpakani kilifunguliwa rasmi Busia mwaka wa 2018. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka wa 2005 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu wa kukifundisha ndio hawatoshi. Hivyo huenda safari hii atakayevuka mto Sio na sanduku lake, akitafuta nyumba ya kumpokea, akawa mwalimu wa Kiswahili. Na wapo wenyeji wa Tororo watakaomwuliza kwanza mama yake ni wa ukoo gani.